Nani anaandika habari za deni lako?

Kila mchungaji wa mashariki amezoea kusaini karatasi. Kuna ya ubatizo, kuna ya ndoa, kuna ya mwanafunzi anayehamia Bunia ama Uvira na anataka kupokelewa katika parokia mpya. Miaka hii imeongezeka karatasi moja ambayo katika chuo cha teolojia hakuna mwalimu aliyetufundisha kuiandika: barua ya kushuhudia kwamba mshiriki fulani ni mtu mwaminifu na anaweza kupewa mkopo. Anayeiomba ni afisa wa kredi. Mama anakuja ofisini Jumatatu asubuhi, tunaandika mistari mitano, tunagonga muhuri, anaondoka akishukuru.

Tumeandika barua nyingi za namna hiyo bila kujiuliza zinafanya kazi gani. Kumbe zinafanya kazi ambayo katika nchi nyingine inafanywa na ofisi nzima. Ofisi hiyo inakusanya habari za kila mtu aliyekopa: alichukua kiasi gani, wapi, alilipa kwa wakati ama alichelewa. Mkopeshaji mpya anaiuliza kabla ya kutoa feza, na jibu linaamua kama utapewa mkopo na utalipa riba kiasi gani. Kwetu, kwa watu wengi, hakuna pa kuuliza. Ndiyo maana anaulizwa mchungaji.

Wengine wanafurahi kwamba hakuna mtu anayeandika madeni yao. Tunawaelewa, katika nchi hii, mtu akiona jina lake kwenye liste hafikirii mambo mema. Lakini kutoandikwa kuna gharama, na wanaoilipa ni waaminifu. Tuchukue mfano. Koperative inataka kukopesha wauzaji kumi wa soko. Inajua kwamba wawili hawatarudisha, ila haijui ni wawili gani. Itafanya nini? Ama itapandisha riba ya wote kumi ili wanane wafidie wale wawili, ama itakataa kila mtu asiye na hati ya kiwanja. Mara nyingi inafanya yote mawili.

Mama mmoja wa parokia yetu anauza unga wa muhogo na wa mahindi. Kwa miaka minane amekuwa katika AVEC ya wamama wa kanisa, ile yenye kisanduku cha kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Kila mzunguko amekopa, kila mzunguko amerudisha. Mwaka ule alipotaka dola 600 ili anunue mzigo kwa jumla, kisanduku hakikuweza kumpa mtu mmoja kiasi hicho. Akaenda kwenye koperative. Wakamwuliza hati ya kiwanja: anapanga. Wakamwuliza mshahara: hana. Wakamwuliza mdhamini mwenye mshahara: shemeji yake akakataa. Miaka minane ya kulipa hakuna aliyeiuliza, na hata wangeiuliza angeonyesha nini? Daftari la AVEC lina namba yake tu, namba 14, na penseli imeanza kufutika.

Akaenda Banki Lamberi. Wasomaji wetu wanaijua, hatuna haja ya kueleza sana: si banki, ni mtu wa kartiye anayekutolea dola 100 leo na mwisho wa mwezi anataka 130, mwingine 150. Hakuhoji chochote. Alichukua simu yake na kadi yake ya uchaguzi kama rehani, basi. Huyo mama hakukosa uaminifu. Alikosa mtu wa kuusema mahali unaposikilizwa, na kwa kukosa hilo akalipa riba ya mwezi mmoja inayozidi ile ambayo angelipa kwenye koperative kwa miezi mingi.

Si kwamba Kongo haina daftari. Banki Kuu ya Kongo ina ofisi inayoitwa Centrale des risques, ambako mabanki yanapeleka habari za mikopo yao na kuuliza habari za mteja kabla ya kumkopesha. Sheria namba 11/020 ya tarehe 15 Septemba 2011 nayo iliweka kazi za microfinance chini ya usimamizi wa Banki Kuu. Lakini daftari hilo ni la wale walioingia tayari kwenye mlango wa banki. Mwenye duka kubwa la saruji yumo, mwajiriwa wa shirika la kimataifa yumo. Mama wa unga hayumo, na AVEC yake haipeleki habari kwa mtu yeyote.

Tena kuna wamama ambao wamelipa mikopo ya banki kwa miaka na bado hawamo. Mkopo uliandikwa kwa jina la mume, biashara ni ya mke, na aliyepanga foleni kila mwezi na bordero mkononi ni mke. Zamani Sheria ya Familia ilimtaka mwanamke mwenye ndoa apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufanya mapatano kama hayo. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliiondoa ruhusa hiyo. Miaka karibu kumi imepita, na bado tunaona wamama wanaorudishwa nyumbani wakalete saini ya mzee. Siku mzee akifariki, jina zuri linazikwa pamoja naye, na mjane anaanza tena kama mtu ambaye hajawahi kukopa hata franka moja.

Kwa hiyo, je, tuombe kila mtu aandikwe haraka? Kabla ya kuomba hivyo, tuangalie Kenya. Haiko mbali na jambo hili. Tangu 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na makundi mawili makubwa ya banki ya Kenya tayari yako ndani ya mabanki tunayoyajua: Equity iliinunua BCDC, na KCB ikachukua sehemu kubwa ya TMB mwishoni mwa 2022. Mwenye feza anapohamia mahali, anakuja na desturi zake za kukopesha.

Kenya iliweka kanuni za ofisi za habari za mikopo mwaka 2008, na ofisi ya kwanza ilipata kibali 2010. Wakenya wanaziita kwa herufi tatu tu, CRB. Mwanzoni mabanki yalilazimika kupeleka habari mbaya peke yake: nani ameshindwa kulipa. Mtu aliyelipa vizuri miaka kumi hakuonekana popote; aliyeteleza mara moja alionekana mara moja. Kanuni za 2013 ndizo zilizofungua njia habari njema nazo zipelekwe. Lakini wakati huo mkopo wa simu ulikuwa umekwisha kufika. M-Shwari ilianza Novemba 2012, na nyuma yake zikaja programu nyingi ambazo mwenyewe hakumwona mtu yeyote: unabonyeza, feza inaingia, unakopa shilingi mia tano kama sisi tunavyokopa unite usiku.

Hapo ndipo jambo lilipoharibika. Vijana wengi waliandikwa kuwa wameshindwa kulipa kwa ajili ya deni lisilofika bei ya kuku. Na alama ile haikutoka siku ulipolipa. Ilibaki miaka mitano baada ya deni kwisha. Tena waajiri, hata ofisi za serikali, wakaanza kumdai mtu anayetafuta kazi alete cheti cha CRB cha kuonyesha kwamba ni safi. Angalieni mzunguko huo: kijana hana kazi kwa sababu ana deni, na halipi deni kwa sababu hana kazi. Daftari lililotengenezwa ili mkopeshaji ajue riba ya haki limekuwa mlango wa kumfungia mtu nje ya mkate wake.

Wakenya walilalamika, na inafaa tujue kwamba malalamiko yao yalizaa kitu. Aprili 2020 kanuni mpya zilikataza kuandika habari mbaya za deni lililo chini ya shilingi 1,000, na wakopeshaji wa simu ambao hawakuwa chini ya usimamizi wa Banki Kuu wakanyimwa haki ya kupeleka majina ya watu. Machi 2022 zikatoka kanuni za kuwataka wakopeshaji hao wenyewe wapate kibali. Na Novemba 2022 Banki Kuu ya Kenya ikatangaza mpango wa kutengeneza majina: aliyekuwa na deni dogo la simu lililokwama angeweza kusamehewa nusu, akamaliza nusu nyingine kwa miezi sita. Waliohusika walikuwa zaidi ya milioni 4. Milioni nne ya watu wenye jina baya! Daftari likifika hapo, tunajiuliza kama kosa ni la watu ama ni la kalamu.

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, Musa anakataza mkopeshaji kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani, kwa kuwa mtu akinyang'anywa jiwe hilo hawezi tena kusaga chakula chake, wala kupata cha kulipa deni. Wamama wetu wa soko hawana jiwe hilo. Wana jina. Mama anayechukua mzigo asubuhi kwa mwenye depo bila kulipa, akauza, akarudisha jioni, anasagia jina lake.

Sasa tufike kwetu, maana kuna jambo moja la Kenya ambalo tungependa wakuu wetu walisome vizuri. Wakati wa korona, mwaka huo huo wa 2020, Banki Kuu ya Kenya iliwaamuru wakopeshaji wasimwandike vibaya mtu ambaye mkopo wake ulikuwa ukilipwa vizuri na ukakwama kati ya Aprili na Septemba. Haikufuta deni. Ilisema tu: ugonjwa huu haukuletwa na mkopaji, usiandikwe kama tabia yake.

Sisi tumepita katika nini? Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilitapika, na nyumba kandokando ya Goma zikamezwa na moto. Kati ya nyumba hizo kulikuwa na zile ambazo hati zake zililala kwenye kabati za wakopeshaji kama rehani. Nyumba iliungua, hati ikabaki, deni likabaki. Huko Beni na Irumu, watu wamekopa kwa ajili ya shamba la kakao, na wakati wa kuvuna hakuna aliyethubutu kwenda shambani kwa sababu ya wauaji. Halafu ukaja mwaka wa 2025. Mwisho wa Januari Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23, na katikati ya Februari Bukavu nayo, mabanki yalifunga milango. Tawi la Banki Kuu lilifungwa. Aliyekuwa na feza kwenye konti hakuweza kuitoa. Aliyekuwa na deni hakuwa na dirisha la kulipia. Kwa ajenti wa simu, noti zilipungua na komisyo ya kutoa ikapanda. Wengine walivuka mpaka hadi Gisenyi kwa ajili ya kutoa feza yao wenyewe.

Mlango wa banki ulifungwa, lakini hesabu ya riba ndani ya kompyuta haikufungwa.

Tunamjua mwalimu mmoja wa shule yetu ya kiprotestanti. Alichukua mkopo wa mshahara mwaka 2024: banki inapokea mshahara wake, inakata sehemu yake, inamwachia inayobaki. Mkopo wa namna hii mkopaji hana nafasi ya kuchelewesha hata akitaka, maana mkono wa banki unatangulia mkono wake. Tangu tawi lilipofungwa, mshahara ulichelewa, kisha ukaanza kufika kwenye simu, bila kukatwa. Alipiga simu kuuliza alipe wapi. Aliambiwa angoje. Mwanzoni aliweka kando ile sehemu ya mkopo kila mwezi. Baadaye mtoto akaugua, sehemu ile ikaenda hospitali, na nani kati yetu angefanya tofauti? Siku moja alipata ujumbe wa kumwambia kwamba amechelewa miezi kadhaa, na riba ya kuchelewa juu yake. Kwa mkopeshaji yeyote atakayesoma dosie yake kesho, huyu ni mtu asiyelipa. Hakuna nafasi kwenye dosie ya kuandika kwamba mji wake ulikuwa vitani.

Hilo ndilo tunaloliogopa kuliko riba yenyewe. Vita itapita, mabanki yatafungua yote, na siku hiyo wafanyabiashara, walimu na wauguzi wa mashariki watarudi dirishani kuomba feza ya kuanza upya. Wakikuta kwamba miezi ya kufungwa imeandikwa kama uvivu wao, watakataliwa ama watapewa riba ya mtu wa hatari, na Banki Lamberi watakuwa wameshajenga ghorofa. Wakati wa kusema ni sasa, kabla ya daftari kukauka wino. Jumuiya zetu zina sauti kwenye Kanisa la Kristo katika Kongo, na Kanisa lina mlango wa kufikia Banki Kuu na wabunge. Ombi ni dogo na lina mfano uliokwisha kufanyika kwa jirani: kuchelewa kulikotokea mahali banki zilipofungwa kusihesabiwe kuwa kosa la mkopaji, na riba ya kuchelewa ya miezi hiyo iondolewe. Hatuombi madeni yafutwe. Watu wetu wanataka kulipa. Mwalimu yule alipiga simu yeye mwenyewe.

Tena kila mtu ana haki ya kuuliza kilichoandikwa juu yake. Sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inampa mtu haki ya kujua habari zake zinazowekwa na wengine na kuomba zisahihishwe. Katika nchi hii haki hiyo si ya anasa. Tuna akina Bahati, Furaha na Amani wangapi katika kartiye moja? Kitambulisho cha wengi ni kadi ya uchaguzi, na kadi nyingi za mwisho maandishi yake yamefifia hata mwenyewe hawezi kusoma tarehe yake ya kuzaliwa. Mmoja akishindwa kulipa, si ajabu mwingine akajibu. Kwa hiyo bordero zisitupwe, ujumbe wa malipo kwenye simu usifutwe, na siku deni linapokwisha, mtu asiondoke dirishani bila karatasi yenye muhuri inayosema limekwisha.

Na koperative ambazo jumuiya zetu wenyewe zimezianzisha hazihitaji kungoja amri ya Kinshasa. Zinaweza kuamua kesho kutowaandika vibaya waliokwama mwaka 2025. Zinaweza pia kukubali daftari la AVEC kama ushuhuda. Kwa hilo AVEC nazo zina kazi: kila mwisho wa mzunguko, kila mwanachama apewe ukurasa wake, kwa kalamu ya wino, wenye jina lake kamili kama lilivyo kwenye kadi, alichokopa, alichorudisha na tarehe zake, na saini za wale watatu wa funguo. Ukurasa huo ni mali ya mama. Aubebe mwenyewe, aonyeshe anakotaka, afiche asipotaka.

Tusisahau muhuri wetu. Miaka michache iliyopita tuliandika barua kwa ajili ya mwimbaji wa kwaya. Tulijua, kama kwaya nzima ilivyojua, kwamba harudishi hata feza ya sare. Tuliona haya kumkatalia, na baba yake ni mzee wa kanisa. Alipewa mkopo, akahama mji. Mwezi uliofuata mama mjane wa parokia hiyo hiyo alifika kwenye koperative na barua yetu, na afisa aliitazama, akaitia chini ya nyingine, akamwambia barua za parokia ile hazisaidii tena. Mjane yule alilipa wema wetu kwa mwimbaji. Tulikuwa tumefanya kosa lile lile tunalolilaumu kwa ofisi za Nairobi, ila kwa upande mwingine: kalamu yao iliandika vibaya watu wasiostahili, yetu ikamwandika vizuri asiyestahili. Amri ya kutoshuhudia uongo haikutofautisha. Tangu hapo tunaandika tu tunachokijua: tangu lini mtu yuko kwetu, kama yuko katika AVEC, na nini daftari la AVEC linasema. Asiye na la kuandikiwa tunamwambia uso kwa uso. Wengine wamekasirika.

Mwalimu wetu alikuja ofisini juma lililopita kuomba barua. Tulimwandikia tarehe ambayo tawi lilifungwa, miezi ambayo mshahara haukukatwa, siku aliyopiga simu na jibu alilopewa. Tulibandika nakala ya jumbe za simu yake, kumi na moja kwa hesabu, tukagonga muhuri. Afisa aliipokea, akaisoma yote akiwa amesimama, akaitia ndani ya dosie. Hajajibu bado.